Pima Kwanza, Spea Baadaye

Leo nazungumza zaidi na mwenye gari la kifahari lililokwisha kula chumvi: Toyota Crown, Mark X, Mercedes-Benz, BMW, Land Cruiser VX, Range Rover. Mwenye Probox na mwenye bodaboda wasibanduke, yapo yatakayowafaa. Lakini wewe mwenye Crown ndiye niliyekukusudia. Gari ulilinunua kwa jasho la pamba, la mpunga, la ng'ombe au la mshahara, likaingia nyumbani watoto wakalizunguka kwa furaha, na sasa kila mwezi linakuomba fedha ambazo hukuzipangia. Wengine wamefika mahali wanaogopa hata kulisikiliza linapowaka asubuhi.

Neno langu kwako ni moja. Fedha nyingi zinazoteketea kwenye magari haya zinateketea kwa kubadilisha vitu ambavyo havikuwa vibovu. Fundi anabahatisha, mwenye gari anakubali kwa kuwa hana la kusema, spea inanunuliwa, tatizo linabaki palepale, inanunuliwa nyingine. Mwisho wa mwaka umenunua nusu ya gari na ugonjwa haujaguswa. Kwa hiyo kabla ya kulipa spea, lipa kupima. Kupima kuna gharama yake, lakini mara nyingi ni ndogo kuliko spea moja iliyonunuliwa kimakosa.

Kwanza tuelewane kuhusu bei ya gari lenyewe, maana hapo ndipo wengi tunapoingia mtegoni. Crown Athlete ya mwaka 2005 ilipotoka kiwandani ilikuwa gari la watu wenye nafasi zao huko Japani. Imetembea kule miaka kumi na kitu, bei ikaporomoka, ikapanda meli mpaka Dar es Salaam. Bandarini TRA wakaitoza, pamoja na ushuru wa uchakavu, ambao kwa viwango vya miaka ya karibuni ni asilimia 15 kwa gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Pamoja na hayo yote bado likawa na bei unayoweza kuifikia ukijibana. Sasa sikiliza: gari limeshuka bei, lakini pampu yake ya maji haikushuka. Kompyuta yake haikushuka. Gia boksi yake yenye gia sita inahitaji oili ileile iliyohitaji siku ilipotoka kiwandani. Ulinunua gari kwa bei ya gari la kawaida, ila matunzo yake yamebaki ya gari la mkurugenzi. Anayelijua hilo tangu mwanzo anajipanga. Asiyelijua anaona kama amerogwa.

Wazee watakumbuka kwamba Tanzania ni nchi iliyowahi kuishi bila spea. Miaka ya mwisho ya sabini na mwanzo wa themanini, fedha za kigeni zilipokauka, mafundi walikuwa wanaendesha maisha ya Peugeot 504, Land Rover na Mercedes za zamani kwa kuchonga, kuchomelea na kuazima. Bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni ndipo magari na spea zikaanza kuonekana tena. Mafundi wa kipindi kile nawaheshimu sana. Gari la wakati ule lilikuwa linasikika: ukiweka sikio unajua plagi gani imekufa, ukinusa moshi unajua kabureta imezidisha mafuta. Ujuzi ule tuliurithi na ni hazina. Tatizo ni kwamba magari tunayoyazungumzia leo yana sensa kila kona, na ugonjwa wa sehemu moja unajionyesha sehemu nyingine kabisa. Sikio peke yake halitoshi tena.

Nikupe mfano mmoja nilioushuhudia hapa kwetu Nkololo, wilayani Bariadi, chini ya mwarobaini, kwa kijana fundi ambaye sitamtaja jina. Ilikuja Crown ya injini ya lita 3, V6. Mwenyewe ni mtu mzima, mfanyabiashara wa nafaka. Gari likiwa limesimama linatulia, likianza kupanda mlima linashtuka, linavuta na kuachia, mtu unarushwarushwa kitini. Alikuwa ameshaambiwa mjini kwamba gia boksi imekwisha, atafute nyingine.

"Ng'wanawane, nimekuja tu unisaidie kuitoa hiyo gia boksi," akamwambia kijana. "Nyingine nimeshaahidiwa, inatoka Dar."

Kijana akamjibu kwa adabu, "Baba, nipe nusu saa kwanza tulipime. Likishindikana tutaifungua."

Akachomeka kifaa chake cha kusomea kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akawasha simu, ikasomeka namba: P0302. Hiyo maana yake silinda namba 2 haichomi mafuta sawasawa. Sasa angekuwa fundi wa kubahatisha, angesema badilisha plagi zote sita, koili zote sita, na nozeli zisafishwe. Yeye alichukua spana namba 10, akafungua koili ya silinda namba 2 akaihamishia silinda namba 4, ya namba 4 akaileta namba 2. Akafuta ile namba kwenye mashine, akamwomba mzee walipeleke gari mlimani kidogo. Waliporudi, mashine ikasoma P0304. Ugonjwa umehama pamoja na koili. Basi hapo hakuna mjadala: koili ndiyo mbovu, plagi ni nzima, nozeli ni nzima, gia boksi ni nzima. Ikaagizwa koili moja Mwanza, ikaja kwa basi, ikafungwa. Lile gari bado linapita barabarani kwa gia boksi yake ileile.

Nimelisimulia kwa kirefu kwa sababu humo ndani mna elimu yote ninayotaka uibebe. Yule kijana hakutumia spea hata moja kupima. Alihamisha kilichopo, akaangalia ugonjwa unakwenda wapi. Na dalili iliyomdanganya yule wa mjini ni ya kawaida mno: injini inayokosa silinda moja wakati wa mzigo inashtuka vilevile kama gia boksi mbovu. Ukiambiwa gia boksi, uliza: umepima nini mpaka ukajua? Fundi mwenye kazi yake hatakasirika. Atakuonyesha.

Kuhusu hivyo vifaa vya kusomea, vipo vidogo vya kuunganisha na simu kwa bluetooth, na bei yake mtu wa kawaida anaimudu. Lakini lipo jambo ambalo wauzaji hawakuambii. Marekani iliyalazimisha magari yote kuwa na mfumo mmoja wa kusomeka tangu mwaka 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Japani ilichelewa kwa magari ya soko lake la ndani, na haya yetu karibu yote ni ya soko la ndani la Japani. Kwa hiyo unaweza kukuta Toyota ya mwaka 2002 au 2003 ina soketi ileile ya pini 16, unachomeka kifaa, hakisomi kitu. Si lazima gari liwe bovu wala kifaa kiwe feki; lugha zao hazipatani. Hapo inatakiwa mashine kubwa inayoijua Toyota yenyewe. Au fundi anayejua njia ya zamani ya kuunganisha pini namba 4 na namba 13 kwa waya, ukafungua switchi, taa ya injini ikaanza kupepesa, yeye akahesabu mipepeso na kusoma namba. Njia hiyo ni halali na inafanya kazi, ila mwachie anayeijua, kwa sababu pini namba 16 ina umeme wa betri muda wote na ukiigusisha pasipotakiwa unaunguza kompyuta.

Na hata mashine ikisoma, namba haikuambii ununue nini. Ikisema sensa ya hewa imetoa taarifa isiyoeleweka, inawezekana sensa ni nzima, ila mpira wa hewa umepasuka mbele yake, au filta imeziba kwa vumbi la barabara. Namba inakuonyesha mlango wa kubisha. Ndani lazima uingie mwenyewe.

Sasa niende kwenye kitu kinachoua magari haya kuliko kingine chochote huku kwetu: joto la injini. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Injini nyingi za magari haya zina hedi ya aluminiamu. Ikichemsha mara moja kwa nguvu hedi inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili au oili kwenye maji, na hapo umeingia kwenye matengenezo makubwa ambayo yanaweza kuizidi nusu ya thamani ya gari. Chanzo chake mara nyingi ni kitu cha bei ndogo sana. Chukua kofia ya rejeta. Watu wanaiona ni kofia tu ya kuziba maji yasimwagike, ikipotea wanafunga yoyote inayoingia, na nimeona mahali wamefunga kitambaa na mfuko wa nailoni. Kofia ile ina springi ndani yake, kazi yake ni kuyabana maji yasichemke mapema. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa Bariadi tuko juu ya ziwa. Kwa mwinuko wetu maji ya sufuriani yanachemka yakiwa kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Injini ya Crown inafanya kazi karibu na joto hilohilo siku yoyote ya kawaida. Bila kofia yenye springi nzima, maji yako yanaanza kuchemka kabla injini haijafanya kosa lolote. Kofia nzima inayasukuma mpaka kwenye nyuzi 120 hivi ndipo yachemke. Kitu kidogo namna hiyo, na ndicho kinachosimama kati yako na hedi iliyopinda.

Kisha kuna thermostati. Desturi imeenea Tanzania nzima: gari likichemsha, fundi anaing'oa thermostati, anakwambia sasa maji yatapita vizuri. Kwenye Toyota nyingi thermostati ina kazi mbili. Inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiing'oa, ile njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta kupoa. Njia tambarare utaona gari limepona. Siku ukiwa na watu watano na mizigo, jua la saa nane, njia ya kupanda, ndiyo siku litakayokuchemkia. Na siku nyingine zote injini inakuwa baridi kuliko inavyotakiwa, kompyuta inaongeza mafuta ikidhani injini haijapata joto, unakunywa petroli bure. Thermostati mpya ni bei ndogo. Kuijaribu ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, yakianza kupata moto mkali inatakiwa ifunguke mbele ya macho yako. Isipofunguka, nunua nyingine.

Na maji yenyewe. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvichumvi. Ukiona sufuria ya chai ya nyumbani kwako imejenga ukoko mweupe chini, jua ukoko huohuo unajijenga ndani ya rejeta ukitumia maji yale. Tumia kulanti iliyokwisha kuchanganywa, na kama umekwama njiani na huna, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima. Halafu kaangalie sehemu ambayo hakuna anayeiangalia: upenyo kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi. Magari yanayopita njia zetu za vumbi wakati wa mavuno yanajaza pale mbegu za majani, nyuzi za pamba na wadudu, mpaka panakuwa kama godoro. Hewa haipiti. Rejeta imesafishwa ndani mara tatu, kumbe imezibwa nje. Kulegeza rejeta na kupasafisha kwa maji ya kawaida, taratibu, ni kazi ya asubuhi moja.

Nimesema vumbi. Filta ya hewa hapa kwetu haiishi muda ulioandikwa kwenye kitabu cha Mjapani, maana yeye aliandika akifikiria lami. Kuanzia Juni mpaka mvua zinaporudi, ifungue kila mara uitazame. Na kuipuliza kwa kompresa kutoka upande usio wake, kwa presha kubwa, kunatoboa karatasi matundu usiyoyaona, vumbi likapita moja kwa moja kusugua silinda. Oili ya injini nayo hivyohivyo: kwa vumbi letu, kilomita 5,000 zinatosha, badilisha na filta yake. Hapo usibane fedha.

Oili ya gia boksi ina hadithi yake. Crown na Mark X za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zinatumia oili ya Toyota inayoitwa WS. Mafundi wengi wanajua haidroliki nyekundu ya kwenye dumu, wanaiongeza humo kwa nia njema, na baada ya miezi michache gia zinaanza kugonga. Isitoshe gia boksi zile nyingi hazina kijiti cha kupimia. Kiwango kinapimwa kwa kufungua nati ya chini, injini ikiwa inanguruma, oili ikiwa kwenye joto maalumu, mpaka ianze kudondoka kidogokidogo. Fundi akikuambia ameongeza lita moja hivi kwa makadirio, hapo umepata sababu ya kumtafuta mwingine.

Tuje kwa wenye magari ya kupanda na kushuka kwa hewa. Range Rover na Discovery 3 nyingi zinakaa juu ya mipira ya hewa, na baadhi ya Mercedes nazo. Mpira ukizeeka unapata ufa mdogo, hewa inatoka usiku kucha, asubuhi unakuta gari limelala upande mmoja. Kompresa inalazimika kufanya kazi kutwa nzima kuijaza hewa inayovuja, mpaka inaungua. Mwenye gari anaambiwa kompresa imekufa, ananunua, inafungwa, na baada ya muda si mrefu nayo imekufa. Aliyeiua ya kwanza bado yupo. Chukua maji ya sabuni na brashi, paka mipira yote minne na viungo vya bomba, penye kuvuja patatoa mapovu. Kipimo cha sabuni ya kufulia kinaokoa kompresa ya mamilioni.

Wapo wanaoamua kung'oa mfumo wa hewa wote na kuweka springi za chuma. Kwa gari linaloishi Nkololo nawaunga mkono, mradi seti iwe ya gari hilo na fundi azime taarifa za kompyuta ipasavyo, maana gari la kulala njiani halina fahari yoyote. Lakini breki sitaki mtu azichezee. Mercedes E-Class ya kati ya mwaka 2002 na 2006 ina breki zinazoongozwa na umeme, na kile kifaa chake kina hesabu ya mara ulizokanyaga breki. Hesabu ikifika mwisho kinakutaarifu kibadilishwe. Mercedes wenyewe waliyaita magari yapatayo 680,000 kurudi kukaguliwa mwaka 2004 kwa sababu ya mfumo huo, na toleo la 2006 wakauondoa. Ukiona gari la namna hiyo linauzwa kwa bei ya kushangaza, uliza hapo kwanza. Fundi anayekwambia taa ile ya breki ataizima tu, usimpe ufunguo.

Matairi. Crown Athlete ilikuja na matairi ya 225/45R18, membamba ubavuni, mazuri kwa lami ya Nagoya. Kwenye changarawe yetu rimu inapinda, tairi linapasuka ubavu, bushi na boljointi zinapigika. Ndugu yake, Crown Royal Saloon, ilikuja na 215/60R16. Ukilipima tairi zima kutoka chini mpaka juu, tofauti ya haya mawili haifiki sentimita moja, kwa hiyo spidomita haitakudanganya. Kabla hujanunua jaribishia rimu moja kuhakikisha haigusi breki, kwa sababu Athlete za injini kubwa zina breki kubwa. Ikikubali, umeongeza mpira kati ya gari na mawe, na tairi la namba 16 lina bei nafuu. Ukinunua, soma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka sita ni zee hata kama halijawahi kugusa barabara.

Sasa wanetu mlioko Dar na Mwanza, mnaoacha gari kwa wazazi mpaka Desemba. Gari la kisasa halilali. Kompyuta zake zinanyonya betri taratibu hata likiwa limezimwa, na betri iliyokufa kabisa mara mbili tatu haipati nguvu tena. Mwelekeze mdogo wako achomoe kichwa cha hasi. Kisha panya: mkiliegesha karibu na ghala la mahindi au la pamba, watajenga ndani ya boneti na kutafuna waya. Kazi ya kutafuta waya mmoja uliotafunwa katikati ya waya mia ni ya siku nyingi, na ndiyo inayoleta yale magonjwa ya kuja na kuondoka yasiyoeleweka. Liegesheni mbali na ghala, boneti ifunguliwe kila wiki.

Mafuta nitayagusa kidogo. Tangu mwaka 2010 EWURA ilipoanzisha kuweka vinasaba kwenye mafuta, uchakachuaji wa kuchanganya mafuta ya taa ulipata kizuizi, lakini petroli ya kwenye madumu bado inauzwa njiani. Injini za Crown na Mark X za GR-FSE zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa sana. Maji au uchafu kidogo unaharibu pampu. Jaza kituoni, kabla taa ya akiba haijawaka.

Kwenye spea za mtumba nina msimamo, na mtu asinishawishi vingine. Mlango, taa, kioo, alternata, kompyuta, hata gia boksi iliyotoka kwenye gari lililogongwa nyuma: chukua used, tena ya Japani yenyewe ni bora mara nyingi kuliko mpya isiyojulikana ilikotengenezwa. Lakini kitu chochote cha mpira, chochote cha breki, pampu ya maji, thermostati, mkanda: usinunue kilichokwisha kutumika. Kama uko Nkololo na spea iko Gerezani, Kariakoo, mtumie muuzaji namba kamili ya chesisi na picha ya kile cha zamani, pande zote mbili. Kwenye Crown, GRS180 na GRS182 ni injini tofauti. Ukisema tu "nataka sensa ya Crown", basi litaleta kisichoingia, na nauli ya kukirudisha ni yako.

Na mafundi wetu. Tumezoea kumlipa fundi kwa kufunga spea, kupima tunataka bure. Hapo tunamfundisha kubahatisha, maana asipofunga kitu halipwi. Yule kijana wa mwarobaini, mzee alitaka kumpa fedha ya soda kwa kuwa "amebadilisha koili moja tu". Nilimsihi amlipe sehemu nono ya ile fedha aliyokuwa ameitenga kwa gia boksi, na nashukuru alikubali, na kijana akaongezea fedha zake akanunua mashine kubwa zaidi. VETA wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi mtaani. Natamani halmashauri na wenye magari tuwasukume vijana wetu waufuate, kwa sababu fundi mzuri akiwepo hapa, gari halihitaji kuvutwa mpaka Mwanza.

Mwisho ni fedha yenyewe. Kwetu fedha ina msimu. Pamba inaanza kununuliwa Mei, ikifika Agosti mfuko umejaa, ikifika Februari umebaki na sarafu, na gari halijui kalenda hiyo. Msimu ukifunguka, kabla ya mengine, fanya oili, filta, kulanti, breki na betri, kisha weka pembeni fungu la mwaka mzima la gari. Kiasi chake daftari litakuambia: andika tarehe, kilomita, kilichofanyika na bei, ulihifadhi kwenye droo ya dashibodi. Baada ya mwaka mmoja utajua gari lako linakula kiasi gani, na fundi mpya atajua pa kuanzia bila kurudia kazi ya mwenzake.

Daftari hilohilo ndilo litakalokuambia wakati wa kuachana nalo. Mimi naangalia vitu vitatu: injini, gia boksi na bodi. Kimoja kikifa na viwili vikiwa vizima, tengeneza, litakuhudumia. Viwili vikifa kwa pamoja, usikope ng'ombe wa familia kulifufua. Mpigie muuza spea wakati bado linatembea, likaangaliwe likiwaka. Atakulipa injini kama injini na milango kama milango. Likishafika kwake kwa kuvutwa kwa kamba, anakadiria kila kitu kama kibovu, na huna cha kumwonyesha kumpinga.